Vitone vya Binti wa Mama Sindano

Benchi liliegemea ukuta wa kinyozi, jirani na meza ya Mama Sindano, mfuma sweta, na asubuhi hiyo kahawa ilipoa bila kunywewa. Binti yake mama huyo ni fundi katika kampuni ya miwani ya kisasa, ile inayokuonyesha maandishi yakielea mbele yako huku barabara unaiona. Jana yake alimtumia mama yake miwani aliyoiunda mwenyewe, na tangu alfajiri mama kichwa kilikuwa kimemvimba, wala hakuona haya. Kisha kinyozi, waliyemwita Profesa kwa ubishi wake, akasoma kwenye simu kwamba kampuni nyingine imetoa miwani yenye vitone vya picha, zile nukta za mwanga zinazounda maandishi, idadi ile ile, ila picha yake pana mara mbili.

— Hapo binti kapigwa bao. Ya wenzake sinema, yake kidirisha.

— Aianike juani vitone vizaane, akadakia Injinia, fundi redio. Haba na haba hujaza kibaba.

— Acha hizo. Vitone hukimbilia pembeni. Ndiyo maana wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Injinia akapanda dau: ukikodoa macho sawasawa, kila kitone hupasuka viwili. Wakacheka. Mama Sindano hakucheka. Angesemwa yeye angemeza, lakini si mwanawe. Akainua sweta aliyokuwa akiifuma.

— Profesa, hesabu vishono vya mstari huu.

— Arobaini.

Akaivuta huku na huku mpaka ikatanuka mara mbili.

— Na sasa?

— Arobaini vilevile. Ila nakuona uso kwenye matundu.

— Basi na vitone ni hivyo hivyo. Ukivitandaza mno, herufi nazo zinaingia matundu. Mwanangu kaibana picha makusudi, maandishi yasomeke.

Profesa akavaa ile miwani ya binti, akasoma taratibu:

— “Shikamoo mama. Herufi hizi ni ndogo kuliko punje ya mchele.” Na kweli, zinasomeka.

Mteja mmoja, aliyekuja kuchukua sweta ya mwanawe, alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahani, jamani. Huyo binti alijifunzia wapi haya?

Mama Sindano akainama, akavuta kutoka mvunguni mwa meza kigoda kifupi, kile alichokikalia binti yake miaka yote ya utoto akimhesabia vishono. Akakipangusa kwa kiganja.

— Kaa hapa, baba. Namalizia ukosi.