Aliyekula Ugali Uliobaki

Sogezeni viti, wasikilizaji wapendwa, na mwenye sufuria motoni aipunguzie moto. Leo tuna jina moja tu: Tabby Kabura. Mama wa watoto wawili, muuzaji wa nafaka sokoni Kitale. Alikuwa na miaka arubaini na saba. Tabby amekufa kwa ugonjwa wa sukari, na sitawaficha, nimekasirika tangu niliposikia habari zake. Mtanivumilia.

Tabby alizaliwa hapa Trans-Nzoia, binti wa mzee Ndirangu, mkulima aliyehamia huku akitokea Nyeri. Aliolewa na Wekoye, karani wa serikali, mtu wa Kibabii kule Bungoma. Walipendana kweli. Siku ya kwanza kuwapikia wakwe, watu walikuwa sita, naye akasonga ugali wa watu sita. Kwao hiyo ilikuwa akili. Kule Kibabii ilikuwa aibu, maana ugali husongwa pamoja na wa mgeni ambaye bado hajabisha hodi. Nakhungu, dada mkubwa wa Wekoye, aliinua sahani watu wote waione.

"Hii ni ugari ama ni dawa ya minyoo?" aliuliza. "Ati kwenu mnapimianga watu chakula?"

Watu wakacheka. Wekoye naye akacheka. Tabby alicheka pia, kisha akaenda nyuma ya jikoni akalia. Tangu siku hiyo, kwa miaka ishirini na miwili, Tabby hakusonga ugali mdogo tena.

Mwaka 2022 Wekoye alipatikana na sukari. Mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi, na Tabby aliogopa utakatwa. Muuguzi wa kliniki moja ya mjini, Cheptoo, aliwaketisha wote wawili.

"Mama, si lazima gym," alimwambia Tabby. "Nusu ya sahani iwe mboga. Ugali isipite ngumi yake. Atembee nusu saa kila siku, hata kama ni kwenda kazi. Na mkule hivyo nyinyi wote, si yeye pekee."

Nyinyi wote, wasikilizaji. Tabby aliyasikia maneno hayo, akayatimiza kwa kila mtu nyumbani isipokuwa mmoja.

Na alitimiza kwelikweli. Jumamosi alichambua mboga za wiki nzima, managu na kunde. Jumapili alichemsha maharagwe akayagawa kwenye mikebe, ili siku za kazi asipate kisingizio. Chai ya nyumbani ikanywewa bila sukari. Wekoye akawa anashuka pikipiki njiani na kumalizia safari kwa miguu. Tonny, kifungua mimba wao, alinung'unika kama mgonjwa aliyelazwa: "Mathe, hii ni nyumba ama ni hosi?" Lakini alikula. Na kila asubuhi Tabby alimdunga mumewe kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine, akaandika namba kwenye daftari. Baada ya mwaka na nusu Wekoye alikuwa amepungua kilo kumi na nne. Mguu ulipata uhai. Wenzake kazini walianza kumwita kijana.

Sasa tuje kwa ugali. Sufuria ilikuwa ile ile. Wekoye alikula ngumi moja, watoto wakamfuata baba yao, na kila jioni kilibaki kipande kikubwa. Kukitupa? Tabby alilelewa na watu wa jembe, na kwake kutupa chakula ilikuwa dhambi. Kusonga mdogo? Akimkumbuka Nakhungu, mkono ulikataa. Basi alikula yeye. Aliula amesimama kando ya jiko, na mchuzi uliobaki, wenzake wakisikiliza taarifa ya habari. Asubuhi alibeba ule uliolala akaula kibandani na chai ya sukari, maana kule sokoni hakukuwa na mgonjwa. Halafu alikaa juu ya gunia mpaka jioni, gorogoro mkononi, akipimia watu mahindi. Ile nusu saa ya kutembea ilikuwa ya mumewe. Mpishi hakuwa nayo.

Kiu ikaanza. Tabby alisema ni vumbi la mahindi. Akaanza kukonda, na majirani wa sokoni wakamsifu.

"Mama Tonny, hiyo chakula ya mzee imekupenda," Chepkemei wa kibanda cha pili alimwambia.

Tabby alifurahi mno. Siku hiyo alitembea soko zima akionyesha jinsi sketi ilivyolegea kiunoni. Sukari ndiyo iliyokuwa ikimkondesha. Alikuwa anakufa, na tulikuwa tunampongeza.

Mwezi wa tatu mwaka huu alianguka akimpimia mteja. Hospitalini mashine ilikataa kutoa namba, sukari ilikuwa imepita kipimo. Alilala siku tatu bila kujitambua. Daktari aliuliza alipimwa lini mara ya mwisho, na binti yake Nabwile akakimbia nyumbani kuleta daftari.

"Nilitafuta mum kila page," Nabwile alituambia. "Namba zote ni za dadi. Miaka tatu, hakuna hata moja yake."

Miaka mitatu, wasikilizaji. Mashine ilikuwa juu ya kabati la jikoni, hatua mbili kutoka pale alipokuwa akisimama kula. Siku ya tatu Tabby alifariki.

Alizikwa Kibabii. Habari za ugali uliobaki zilikuwa zimeshamfikia Nakhungu, naye akashika kipaza sauti.

"Huyu mama alinyima ndugu yangu chakula mpaka akabaki mifupa," alisema. "Kumbe alikuwa anakula yeye. Mungu si Athumani."

Wekoye alikuwa kiti cha mbele, miguu yote miwili mizima. Hakufungua mdomo.

Aliufungua wiki mbili baadaye, hapa studioni, akatuomba tusimpunguzie neno.

"Dada yangu alisema ukweli nusu. Ni kweli alikuwa anakula yeye. Nilikuwa naona. Nilikuwa napita hapo jikoni kila jioni, nafurahi ati sasa hakuna mtu ananilazimisha niongeze. Bana, kila asubuhi alikuwa ameshika kidole yangu na mkono yake. Mashine ni hiyo moja. Sikuwahi kumwambia alete kidole yake."

Kwa Wekoye, kwa Tonny na Nabwile, na kwa mzee Ndirangu, mwenye miaka themanini na miwili, aliyemzika mtoto: poleni sana. Mwenyezi Mungu awashike mkono. Nawe Nakhungu, najua redio yako iko wazi. Pole pia. Huyo ndugu yako anayetembea, Tabby ndiye aliyekuachia.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa mezani, nyanyuka uende jikoni. Mwangalie aliyekupikia anakula nini, na kama ameketi au amesimama. Usimwambie asante bado. Mpeleke akapimwe kwanza.