Mama Kipimo Hajawahi Kupanda Ndege

Leo ni Jumatano, tarehe 11 Juni. Tarehe 30 mwezi huu bibi yangu, ambaye ninyi nyote mnamwita Mama Kipimo, atastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Karani wa jarida hili la wafanyakazi wa kampuni ya ndege aliniomba niandike mimi, kwa kuwa wenzake Bibi wote wako zamuni, na mimi hufanyia kazi zangu za shule katika chumba chenu cha mapumziko hapa uwanjani. Nimeahidi kueleza yote, hata yale ambayo Bibi angependa niyaruke.

Alianza kama msafishaji wa ukumbi wa abiria. Kampuni ilipoanza kuuza tiketi za bei rahisi, ilihitaji mtu wa kusimama langoni na fremu ya chuma. Begi likiingia ndani ya fremu, abiria anapita. Lisipoingia, analipa, na mara nyingi ada hiyo huzidi bei ya tiketi yenyewe. Bibi akakabidhiwa fremu.

Wengi hudhani kazi ile inataka mtu mkali. Bibi aliifanya kwa huruma, na huruma inachosha. Kabla ya kuanza kupima, alipita kwenye foleni akiwanong'oneza abiria wavae makoti yao. Bwana mmoja alipanda ndege na suruali tatu mwilini na viatu vya mkewe mifukoni, akitembea kama pipa. Meneja wa kituo alijua, akanyamaza, maana ndege za lango la Bibi hazikuchelewa.

Hata hivyo alitukanwa kila siku. Kila siku alieleza upya kwamba tiketi ile imenunua mahali pa kukaa tu; maji, kuchagua kiti na begi kubwa vyote vina bei yake. Abiria mmoja alimuuliza kama hewa nayo inauzwa. Bibi akamjibu kwamba bado hawajamletea bei. Akifika nyumbani, huloweka miguu kwenye beseni na hataki kuulizwa chochote, kwa sababu ameulizwa mchana kutwa.

Sasa lile ambalo angependa niliruke. Miaka saba iliyopita dada yake mkubwa alikuja kututembelea kwa ndege yenu. Siku ya kurudi, begi lake lilikuwa limejaa mablanketi tuliyompa sisi wenyewe, na halikuingia kwenye fremu. Koti alikuwa ameshalivaa. Kando yake walisimama abiria watatu waliokuwa wamelipa muda huo huo, wakitazama.

“Mimi niliyekubeba mgongoni, leo unanipimia begi?” dada yake akamuuliza.

“Lipa, dada. Watu wanatuangalia,” Bibi akasema.

Akalipa, akapita bila kugeuka. Bibi alimrudishia fedha ile kwa simu siku hiyo hiyo, naye dada yake akairudisha. Hawajaonana tangu hapo. Dada yake sasa miguu imekataa, hawezi kusafiri, na Bibi anasema jambo kama lile haliombewi radhi kwenye simu.

Amejaribu kwenda. Mara ya kwanza alinunua tiketi miezi minne mapema, ilipokuwa rahisi kabisa. Zamu ikabadilishwa wiki ile ile, na tiketi ya bei hiyo haibadilishwi wala hairudishiwi fedha. Baadaye akatumia tiketi ya wafanyakazi, ambayo humpa mtu kiti kilichobaki. Mara tatu alikaa langoni kwake mwenyewe na begi lililopimwa vizuri, na mara tatu kiti cha mwisho kikauzwa dakika za mwisho, kwa bei ya juu kuliko zote. Mara ya tatu alivua koti, akavaa kitambulisho chake, akasaidia kupandisha abiria.

Tunawashukuru wenzake mliomshikia zamu alipougua, na fundi aliyempa kiti kirefu ili apumzishe mgongo. Bibi, umesimama vya kutosha. Sasa ukae, ulale mpaka jua liwe juu, na asikuulize mtu bei ya kitu.

Nimesoma barua ya zawadi yake ya kustaafu. Ni tiketi ya kwenda na kurudi, “endapo nafasi itapatikana.” Ameikunja akaiweka kabatini, akasema amechoka kufungasha. Dada yake ana miaka sabini na nane. Nilimpigia simu juzi bila kumwambia Bibi, nikamuuliza kama bado ana hasira. Akasema kwamba kitanda cha mgeni kimetandikwa.

Meneja wa kituo, najua kiti kimoja ni fedha, na najua kikiuzwa siku ya mwisho ni fedha nyingi zaidi. Je, mnaweza kumwandikia Bibi kiti chenye namba, kisichoweza kuuzwa, na kunijibu kabla ya tarehe 30?