Mzee Bado, Fundi Bomba wa Benchi la Mlangoni

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, wanakwaya, majirani na ninyi nyote mliokuja kulia na sisi, familia inawaomba mkae vizuri na mtuvumilie, kwa sababu maisha ya huyu mzee hayakwenda kwa mstari ulionyooka, na Bibi, mjane wake, ametuapisha tuyasome yote, hata yale yanayokwaruza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1949, mtoto wa nne wa mwashi na muuza maziwa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, na mkunga aliyempokea alisema huyu ametoka akirusha mateke kama mtu aliyechelewa mahali. Wazazi wake hawakuwa watu wa kanisa, wala hawakuwa na ugomvi nalo, kwa hiyo hakubatizwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1957, akaiacha mwaka 1963, kwa maelezo yake mwenyewe kwamba yeye na dawati hawakuelewana.

Mwaka 1966 aliingia idara ya maji kama kibarua wa kuchimba mitaro, akawa fundi bomba kamili mwaka 1971, kazi aliyoifanya mpaka kustaafu mwaka 2009, na hata baada ya hapo spana haikutoka mfukoni mwa koti lake, ukimkaribisha chai anaanza kwanza kuchungulia chini ya sinki, na wanawe walikuwa wakisema baba akikaa, kiti chenyewe kinashtuka.

Tarehe 12 Oktoba 1974 alimwoa Bibi, binti aliyebatizwa tangu uchanga, na kwa kuwa yeye alikuwa bado, ndoa ilifungwa ofisini kwa mkuu wa wilaya, mama mkwe akiwa amenuna kuanzia mlangoni hadi kwenye picha. Ili kumtuliza, bwana harusi akajiandikisha darasa la ubatizo, akaahidi kwamba yeye na mtoto wao wa kwanza watabatizwa siku moja, baba na mwana, mbele ya kanisa zima.

Mtoto huyo, wa kiume, alizaliwa tarehe 3 Februari 1976, mdogo, mnyonge, na wiki haijaisha pumzi yake ikabadilika. Baba akarukia baiskeli kumfuata mchungaji, akaambiwa yuko mkutanoni, kaa usubiri, akakaa, akasimama, akakaa tena, na waliporudi wote wawili wakihema, walimkuta Bibi kitandani na mtoto mapajani, kimya, na pembeni mwa kitanda ndoo ya maji imejaa hadi ukingoni. Wazee wa kanisa wa wakati ule walisema utaratibu ni utaratibu, asiyebatizwa haombewi na kanisa, hivyo baba na jirani mmoja wakamzika mtoto kule ukingoni mwa makaburi ya kanisa, kwenye uzio, bila neno.

Hakuliacha darasa. Ila mwezi uliofuata mwinjilisti aliyelifundisha akafika kwenye somo linalosema kwamba panapokuwa na hatari ya kifo, Mkristo yeyote aweza kubatiza kwa maji ya kawaida, na fundi wetu akasimama, benchi likaanguka nyuma yake, akasema, "Mke wangu ni Mkristo. Ndoo ilikuwa imejaa. Mbona hamkutuambia?" Mwinjilisti, maskini, akajibu, "Ndugu, somo lilikuwa halijafikiwa," na hapo ndipo alipotoka.

Tangu siku hiyo kila aliyemuuliza kama yuko tayari kubatizwa alijibiwa "Bado," hadi mtaa mzima ukamwita Mzee Bado, na wengi mlidhani ni ukaidi au mzaha, lakini nyumbani alisema kwa sauti ya chini, "Nikiingia ndani mimi, yule mtoto atabaki nje na nani?" Alizunguka makanisa mengine akiuliza mtoto wake yuko upande gani, kwingine wakamjibu haraka mno, kwingine wakamjibu neno ambalo Bibi hataki lisomwe hapa, naye akarudi kwetu, benchi la mwisho mlangoni, mguu mmoja nje, akisimama katikati ya mahubiri kwenda kusikiliza bomba la uani kama linavuja.

Walijaliwa watoto wengine wanne, kati ya mwaka 1977 na 1986, na wote aliwakimbiza mwenyewe kanisani kabla kitovu hakijakauka, lakini maji yakishamwagwa anatoka, anazunguka jengo. Bibi akichoka alimwambia, "Baba watoto, mimi nitafika mbinguni niulizwe uko wapi, nijibu uko kwenye bomba?" naye akajibu, "Waambie niko njiani." Bibi alicheka, lakini usiku hakulala vizuri, kwa sababu hofu yake ilikuwa hiyohiyo, kwamba watatengana, na miaka ilikuwa inakwenda.

Mwaka 2022 darasa la ubatizo lilipata mwalimu mpya, binti muuzaji wa duka la dawa, na mzee akampelekea swali lake lilelile. Binti akafikiri, akasema, "Babu, sijui. Ila kanisa lilikosea, na nakuomba radhi." Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Kuanzia hapo hakukosa darasa, ingawa hakukubali kujiandikisha, na wanafunzi vijana wakamtia kwenye kundi lao la simu, akawa anawatumia sauti ndefu za kuwauliza kama wamesoma.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka jana, na Jumapili tarehe 27 Oktoba 2024 alilazwa. Mwalimu alipomuuliza kimebaki nini ili abatizwe, akasema, "Yule mtoto hajaombewa." Jumanne tarehe 5 Novemba, mchana, darasa zima likaenda kwenye uzio, wakasafisha majani, wakaomba maombi yaliyonyimwa mwaka ule, na Bibi akamshikilia mzee simu sikioni, akasikia yote, hadi mtoto wa mtu aliyekuwa anapiga chafya. Akafumbua macho, akasema, "Sasa."

Mchungaji alipigiwa, akaacha kila kitu, akakwama njiani, na pumzi ya mzee ikaanza kubadilika, Bibi akaitambua. Akachukua kikombe cha dawa, akakijaza bombani, nusu ikamwagika shukani, akambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu akaitikia amina. Mzee akasema, "Baridi hayo, mama watoto," akatabasamu, na saa kumi na robo akafariki.

Juzi kikao kilikaa, mzee mmoja wa kanisa, kwa nia njema, akasema Bibi si mchungaji. Bibi akamwambia, "Mwanangu, nimngoje mchungaji mara ya pili?" Mchungaji akasimama, akamshika Bibi mikono yote miwili, akasema ubatizo huo ni halali na atautangaza leo, na ameutangaza. Familia inashukuru.

Kanisa limetupa nafasi nzuri karibu na lango, tumeirudisha kwa heshima, maana baba atalala ukingoni pamoja na mwanawe. Tunawaomba radhi wanakwaya wenye viatu vipya, njia ya huko ni nyembamba na ina matope, lakini mchungaji ametangulia, basi twendeni sote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, hasa yule wa amina, majirani mliopika na kulala nasi, mafundi wenzake wa idara ya maji, na darasa la ubatizo lenye magoti machafu. Nawe baba, uliyetuamsha alfajiri kwa kugonga mabomba, keti sasa, hakuna kinachovuja, pumzika katika amani ya Bwana.