Jerry Owuor, Aliyefanya Swichi Tisa Kuwa Moja

Bw. Jerry Owuor anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuutumikia Ushirika wa Maziwa wa Bonde Jipya, Nakuru, kwa miaka thelathini na mmoja. Mzaliwa huyu wa Bondeni aliajiriwa kama fundi wa simu. Anaondoka akiwa msimamizi wa mtandao.

Zamani swichi zetu tisa, vifaa vinavyounganisha kompyuta na mizani kwenye mtandao, zilitawanyika juu ya kuta za kiwanda, kila moja na nenosiri lake. Badiliko moja lilimaanisha kupanda ngazi mara tisa. Mwaka 2016 Mzee Owuor alizipanga katika chumba kimoja, akaziunganisha kwa kebo fupi, swichi ya mwisho ikiunganishwa tena na ya kwanza. Tangu hapo moja huongoza na nyingine hufuata. Agizo hutolewa mara moja tu. Nerima wa mapokezi alimtania: "Mzee, sasa utanenepa. Ngazi imestaafu kabla yako!"

Machi 2018 aliongeza swichi ya kumi, iliyotoka tawi la Molo, bila kufuta mipangilio yake ya zamani. Ilikuwa imepewa cheo cha juu kuliko zote. Ikatwaa uongozi, na zile tisa zikafuata mipangilio ya Molo. Mizani ya mapokezi ya maziwa ikatoka kwenye mtandao kwa zaidi ya saa mbili, malori kumi na moja yakisubiri juani. Maziwa ya malori mawili yalimwagwa. Ripoti aliiandika mwenyewe, ikianza hivi: "Kosa ni langu." Tangu siku hiyo, swichi haiunganishwi na nyingine kabla ya kufutwa mipangilio yake mezani, mtu wa pili akisoma orodha ya hatua kwa sauti.

Alikuwa ameahirisha kustaafu mara mbili, akihofia kwamba bila yeye mizani ingesimama tena. Juni mwaka huu alikwenda likizo kwa dada yake huko Ndabibi, akazima simu. Siku ya nne swichi kiongozi iliungua. Nyingine ikashika uongozi papo hapo. Msaidizi wake, Naliaka, alifuta mipangilio ya swichi mpya mezani, Nerima akamsomea orodha, kisha akaiunganisha. Hakuna dereva aliyejua.

Aliporudi, Mzee alisoma ripoti ya Naliaka mara mbili, akamkabidhi funguo za chumba, kisha akaandika barua ya kustaafu.

Tunakushukuru, Mzee Owuor. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya raha. Maziwa yanaendelea kupokelewa.