Mashine Aliyopewa Mama Vifungo

Ndugu wafiwa, majirani, mafundi wenzake wa kibarazani, nanyi wageni mliopewa viti vya mbele, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuatia, niwasomee maisha ya dada yetu. Watu wa mheshimiwa mgombea wamenipa karatasi yao nisome, imechapwa vizuri, ina hadi picha, lakini nimeikunja nimeitia mfukoni, nasoma hii ya kwetu iliyoandikwa kwa mkono.

Marehemu, ambaye mlimwita Mama Vifungo kwa sababu hakuna aliyepita mbele yake na shati lililokatika kifungo akaachwa aende zake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi kuanzia Januari 1976 hadi Novemba 1982, na alifaulu, hilo lieleweke, ila mwaka huo baba aliugua na sisi wadogo tulitaka kula, basi akaenda kujifunza kushona kwa mama mmoja fundi, sisi tukaenda shule na sare alizotushonea yeye.

Mwaka 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, na kilipofungwa Oktoba 1997 akanunua cherehani kuukuu ya kukanyaga, akakaa kibarazani kwa muuza vifaa vya ujenzi, katikati ya ndoo za misumari na makopo ya rangi. Kabla ya hapo, tarehe 6 Juni 1992, alifunga ndoa na shemeji yetu seremala, ambaye ndiye aliyemtengenezea meza yake ya kukatia, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja, wote mnawaona hapa.

Sasa nafika mahali ambapo ile karatasi ya mfukoni imeandika mstari mmoja tu, kwamba mwaka 2023 marehemu aliwezeshwa, na mnivumilie, maana neno hilo limetukaa kooni.

Jumamosi tarehe 12 Agosti 2023 mgombea alikuja mtaani katika ziara yake ya kuwainua wafanyabiashara wadogo, akaketi kwenye kiti cha dada, akauliza biashara inaendaje, akasikiliza, hilo hatumnyimi. Dada alikuwa ameahidiwa mashine ya umeme wiki nzima kabla, kwa hiyo asubuhi ile, hata gari halijafika, aliichukua cherehani yake akampelekea jirani yetu mjane anayefua nguo za watu, akamwachia na sindano na kopo la mafuta, akisema mtu mmoja kukalia mashine mbili ni uroho. Huyo ndiye dada yetu, akiahidiwa kitu anahesabu ameshapewa.

Mashine mpya ilikuja na utepe mwekundu, dada akaipapasa kama fundi, akaona gurudumu limechubuka rangi upande mmoja, akasema si neno, akapigwa picha anacheka, vigelegele vikapigwa, kisha mpambe mmoja akamwambia, "Mama, tunaipeleka kwanza ikafungwe mota, kesho unaletewa," mashine ikapandishwa garini, na kesho hiyo, jamani, tuliingoja hadi macho yakatutoka. Baadaye dada akamwona kwenye kijarida cha mgombea mama mwingine wa kata nyingine, anacheka na utepe uleule, gurudumu limechubuka palepale, halafu mwingine, na mwingine, tukahesabu hadi wanawake saba, tukakitupa kijarida.

Picha yake ikapandishwa kwenye bango kubwa njia panda, wateja wakawa wanamtania, "Mama Vifungo, ile ya umeme umetuficha wapi?" Kamati ya kusaidia wafanyabiashara wadogo ikalifuta jina lake, eti huyu ameshapata. Alikwenda ofisini kwa mgombea mara nne, akaketishwa kwenye benchi chini ya picha yake mwenyewe, akaambiwa mheshimiwa yuko ziarani. Jirani alimrudishia cherehani si mara moja wala mbili, dada akakataa katakata, alitoa kwa moyo, hakuazima, basi kwa mwaka mmoja na nusu mtu mzima yule akawa anabisha hodi alasiri, anaomba kushona kwenye mashine aliyoinunua mwenyewe, mikono ya mashati mabichi yaliyoanikwa ikimdondokea maji mgongoni. Kama hii si aibu, basi aibu ni nini?

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2019, Jumapili tarehe 2 Februari 2025 alianguka akiwa anapiga pasi, akalazwa wodi namba tatu, na Jumatatu tarehe 10, saa nne asubuhi, akatutoka. Daktari ameandika kiharusi, nasi hatubishani na daktari wala hatumwiti mtu muuaji, tunasema tu kwamba alikufa akiitwa mnufaika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, mafundi wenzake waliopokezana zamu kando ya kitanda chake, muuza vifaa vya ujenzi aliyefunga duka leo, na jirani yetu mfuaji, ambaye hakuwa akijua hata kutunga uzi, akafundishwa na dada alasiri zile zile, na gauni alilovalishwa marehemu amelishona yeye, kwa cherehani ile ile.

Mwisho, asubuhi hii gari la mgombea limeshusha pale mlangoni, kama rambirambi, mashine ya kushonea yenye utepe mwekundu, na mpiga picha yuko tayari. Binti mkubwa wa marehemu amekwenda kutazama gurudumu, amerudi akisema limechubuka palepale. Ndiyo yenyewe. Mheshimiwa, tumeipokea, picha hatupigi, nafasi yako ya kuongea tumeifuta kwenye ratiba, na bango la njia panda lishushwe kabla hatujatoka makaburini. Na nyie mnaosubiri kuirudisha garini, tazameni vizuri, shangazi yetu ameshaikalia, na sisi tunamjua, hainuki.

Lala, dada, mashine yako imefika, na safari hii haiondoki.