Bi Kipaza, Aliyetuita Kutoka Ndani ya Televisheni

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, naomba tutulie kidogo. Mimi ni shemeji wa marehemu, mdogo wake mumewe, na nimepewa kazi hii ya kusoma wasifu wake kwa sababu kaka yangu amesema hataweza, na watoto wamesema watazidiwa kabla hawajafika kwenye shule ya msingi, nami nikakubali, ingawa marehemu mwenyewe alizoea kuniambia kwamba nikisoma kwa sauti huwa kama mtu anayekokota meza. Mtanivumilia, kama alivyonivumilia yeye.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimfahamu kwa jina la Bi Kipaza, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya reli, baba yake akiwa mpakia mizigo na mama yake mshonaji. Alipofika umri wa miaka minane alikuwa ndiye anayetumwa mlangoni jioni kuwaita wenzake warudi nyumbani, na aliwaita kwa majina kamili, la mtoto, la baba na la babu, kwa sauti iliyovuka mitaa mitatu, hata watoto wasio wa kwao wakawa wanaacha mpira na kurudi makwao, wakidhani wameitwa na wao.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, na sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, ambako mwalimu wa zamu, aliyekuwa na pumu, alimkabidhi kazi ya kuita mahudhurio ya shule nzima kila asubuhi. Mwaka 1971 alijiunga na mafunzo ya ukarani na utunzaji wa kumbukumbu, akahitimu vizuri, na tarehe 3 Januari 1972 akaajiriwa katika hospitali ya mji wetu kama karani wa mapokezi.

Wenye umri wangu mnalikumbuka lile dirisha lenye nondo, lile benchi refu lililong'arishwa na makalio ya wagonjwa, na kile kipaza sauti ukutani ambacho hakikuwahi kutoa hata mlio tangu kifungwe. Marehemu hakukihitaji, na ndiyo maana jina la chombo hicho likahamia kwake. Makarani wengine walikuwa wakiita wewe mwenye shati la bluu, wewe mwenye mtoto anayelia, lakini yeye alimwita kila mgonjwa kwa majina yake matatu, taratibu, kwa heshima, kwa kuwa aliamini kwamba mtu akiumwa ameshapungukiwa vya kutosha, si haki apunguziwe na jina. Nimesikia watu wazima wakisema walianza kupata nafuu walipoitwa tu, kabla hata daktari hajawagusa.

Mwaka 1981 alifika kwenye benchi lile kijana mmoja mwembamba mwenye kidole cha mguu kilichovunjika, akamsikia akiita, akasahau maumivu yake. Kijana huyo alikuwa mtengeneza filamu mwenye kamera ya kuazima, na filamu aliyokuwa akiitengeneza, mnayoijua, iliitwa Usiitike. Ilihusu mlinzi wa kituo cha televisheni ambaye matangazo yakishafungwa humwona mwanamke akijitokeza katikati ya chenga za kwenye skrini, akiita watu kwa majina, na kila anayeitika hujikuta yuko ndani ya kioo, akiiangalia sebule yake kutoka upande wa pili, mpaka mlinzi mwenyewe anashindwa kujua kama yuko kazini, yuko nyumbani, au ameshaingia kwenye televisheni siku nyingi na hakuna aliyemwambia.

Sura ya mwanamke yule ilikuwa ya mwigizaji, lakini sauti ilikuwa ya shemeji yangu, iliyorekodiwa Jumamosi ya tarehe 13 Juni 1981, katika chumba kilichozungushiwa magodoro. Kijana alimwambia aite majina yoyote yanayomjia mdomoni. Sasa jamani, karani aliyeshinda wiki nzima anaita wagonjwa, mdomoni atajiwa na majina gani? Akaita benchi la Ijumaa, jana yake, mmoja baada ya mwingine, kama walivyokuwa wamekaa, bila hata kujua anafanya hivyo, akalipwa soda moja na ahadi, akarudi nyumbani kwake kufua.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 2 Aprili 1982, katika ukumbi wa sinema karibu na soko, na nusu ya mji ilikuwamo. Sauti ilipoanza kuita, jina la kwanza lilikuwa la mama mmoja fundi cherehani aliyekaa mstari wa tatu, na watu wakageuka wakamtazama, naye akajishika kifua. Jina la pili likawa la mtu mwingine wa mji huohuo. La tatu likawa la kaka yangu, Fundi Waya, mtengeneza redio na televisheni, ambaye Ijumaa ile alikuwa amekwenda hospitali na mkono uliounguzwa na chuma cha kulehemu. Sisi mama yetu hakuwa na mchezo na mtoto asiyeitika, na malezi ni malezi, kwa hiyo kaka yangu alisimama gizani, akanyoosha mgongo, akasema, "Naam, nipo!"

Ukumbi ukawa mtupu ndani ya muda mfupi kuliko ninavyoweza kusimulia. Watu walitoka kwa madirisha, viatu vilibaki, na kaka yangu akaketi tena akaitazama filamu mpaka mwisho, peke yake, kwa sababu alikuwa amekata tiketi. Kesho yake alikwenda kwenye dirisha la mapokezi kuuliza kulikoni. Marehemu alimwomba radhi huku machozi yakimlengalenga, naye akajibu kwamba hakuja kugomba, amekuja kujua kama anaweza kuitwa tena.

Lakini katika benchi lile la Ijumaa alikuwapo pia mzee mmoja fundi viatu, mgonjwa wa moyo wa miaka mingi, na jina lake likawamo katika filamu kama ya wengine. Mzee huyo hakuwahi kukanyaga ukumbini, wala hakuwa na televisheni, ila alifariki tarehe 11 Aprili, siku chache baada ya onyesho, na mji ukasema ulichosema. Mwanawe, seremala, alikuja mapokezi akiwa na uchungu wake, akamwambia mbele ya watu wote kwamba amemwita baba yake mara mbili, mara ya kwanza kwa dawa na mara ya pili kwa kaburi. Nasema bila kuficha kwamba jeraha lile shemeji yangu hakupona.

Tangu siku hiyo akiita, benchi linanyamaza. Watu walitazama sakafu, mama mwenye mtoto mwenye homa alimsukuma jirani yake aende badala yake, na madaktari wakakaa vyumbani wakisubiri wagonjwa ambao walikuwa wamejaa mlangoni. Uongozi haukuwa na njia nyingine, na tarehe 1 Juni 1982 akahamishiwa chumba cha mafaili, ambako hakuna wa kumwita, na huko alifanya kazi kwa uaminifu mpaka alipostaafu tarehe 9 Agosti 2012.

Alifunga ndoa na kaka yangu Jumamosi ya tarehe 17 Desemba 1983, na wakajaliwa watoto watatu, binti mwaka 1985, kijana mwaka 1988, na kitinda mimba, binti pia, mwaka 1992. Watoto hawa walilelewa kwa mapenzi yote, ila hawakuwahi kuitwa na mama yao kwa sauti. Chakula kikiwa tayari aligonga sufuria kwa mwiko, pigo moja kwa wa kwanza, mawili kwa wa pili, matatu kwa wa mwisho, na majirani mlidhani ni utani wa nyumba ile. Haukuwa utani. Aliogopa kuwaita wanawe, asije akawaita kwa kaburi.

Miaka ile filamu ilikuwa imeshahamia kwenye kanda, kanda zikarudufiwa kutoka kwenye kanda nyingine, mpaka picha ikawa kama mvua, na hapo ndipo kila mtu akaanza kusikia jina lake. Walimletea kaka yangu kanda zao dukani, awahakikishie, naye akazicheza, akawaonyesha kwamba jina halimo, na mteja akaruka kwenye kiti akisema, "Hapo! Hujasikia?" Mmoja alikula kiapo kwamba televisheni yake imemwita ikiwa haijachomekwa kwenye umeme. Kaka yangu alikuwa akicheka, mpaka alasiri moja ya mwaka 1986, marehemu akiwa anapiga pasi, filamu ikaonyeshwa kwenye televisheni, na akajisikia mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, akijiita kwa majina yake yote matatu.

Hakuwahi kulirekodi jina hilo. Kaka yangu aliitafuta kanda, wakaisikiliza pamoja kwa umakini, na pale marehemu alipolisikia palikuwa na chenga tupu. Alimwambia mkewe halimo, na mkewe akajibu kwamba anajua halimo, ila amelisikia. Wakazima, wakatoka kwenda kuanua nguo, na tangu hapo katika nyumba ile hakuna aliyechekwa kwa kusikia kitu.

Mwezi Februari 2023 marehemu alianza kuumwa kichwa na kupoteza kumbukumbu, na vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye ubongo, ambao madaktari walitueleza kwa upole kwamba ungemfanya aone na kusikia yasiyokuwapo. Tarehe 20 Mei 2024 alilazwa katika hospitali ileile aliyoitumikia, na asubuhi moja, alipokwisha kunywa chai, sauti yake ikarudi. Ilirudi nzima, ile ya mitaa mitatu. Alikuwa ameiona wodi kuwa ni mapokezi, na vitanda kuwa ni benchi, akaanza kuita wagonjwa wa Ijumaa ile, kwa mpangilio uleule wa filamu.

Wodini walikuwamo wazee wanaoijua filamu, nao wakajifunika shuka hadi utosini. Jina lisipoitikiwa alirudia, na kurudia, jasho likimtoka, akitaka kushuka kitandani amtafute mgonjwa wake, kwa kuwa hakuweza kupumzika huku mtu wa watu akiwa bado hajahudumiwa. Kaka yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, akaamua kuwaitikia wote, wanaume kwa "Naam" na wanawake kwa "Abee" ya sauti nyembamba iliyowavunja mbavu wauguzi. Lakini mkewe alikuwa anazijua sauti. Alimtazama akamwambia kwamba yeye ameshatibiwa mkono, akae pembeni, asiwapite wenzake.

Ndipo tulipotoka kwenda kuwatafuta wenyewe. Wengine walishatangulia, na hao walikuja kuitikiwa na wajukuu zao, wengine walihama, nao wakaitikiwa na ndugu zao waliobaki, lakini yule mama fundi cherehani alikuja na mkongojo wake, akaitwa, akasema, "Abee, nipo," akaelekezwa chumba namba tatu, akatoka akicheka na kulia kwa pamoja. Mmoja baada ya mwingine, watu waliomkwepa kwa miaka arobaini walikuja, wakasimama karibu na kitanda, wakaitika. Akabaki mmoja tu, mzee fundi viatu.

Alimwita siku mbili. Binti mkubwa wa marehemu alikwenda karakana kwa seremala, akamweleza, naye akaendelea kupiga randa bila kuinua macho, binti akarudi mikono mitupu, na hatukumlaumu. Asubuhi ya tarehe 12 Juni seremala alikuja mwenyewe, maranda bado yamo kwenye nywele, akasimama mlangoni, akalisikia jina la baba yake likiitwa lote, ambalo hakuwahi kulisikia likiitwa tangu siku ya mazishi. Aliitika, "Naam." Sisi tuliomjua mzee tulishtuka, kwa maana ilikuwa sauti ya mzee.

Marehemu alimuuliza kifua kinaendeleaje. Alijibu kwamba kimetulia, mama, anashukuru. Akamwambia aende chumba namba mbili, daktari yupo, na pole sana kwa kumweka muda mrefu. Seremala aliketi kwenye kitanda cha jirani akalia mbele za watu, na sanduku hili mnaloliona hapa amelitengeneza yeye, kwa kuomba mwenyewe, na hakutaka mtu mwingine alishike.

Baada ya hapo tulidhani benchi limekwisha, lakini aliita jina moja zaidi, majina matatu, na yalikuwa ya kwake. Kaka yangu, aliyekuwa amewaitikia watu wote, alifumbua mdomo na sauti haikutoka. Marehemu akaitika mwenyewe, polepole, kama mtoto aliyelelewa vizuri, "Abee." Akajinyooshea shuka, akalala, na hakuita tena. Alifariki tarehe 14 Juni 2024, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari waliotueleza ukweli bila kutukatisha tamaa, wauguzi ambao hawakumnyamazisha hata siku moja, wagonjwa wenzake waliojifunika shuka na baadaye wakajifunua, makarani wenzake wa chumba cha mafaili, na majirani mliotushika mkono tangu siku ya kwanza. Tunamshukuru pia mtengeneza filamu, ambaye sasa ni mzee mwenzetu na amekaa pale nyuma akijificha, tunamwambia asogee mbele, hatuna kinyongo naye, ingawa ile ahadi bado tunaisubiri. Na wewe, kaka, asante kwa kusimama gizani siku ile.

Shemeji, umelimaliza benchi lako. Pumzika kwa amani, usituhangaikie. Sisi tumekaa hapa tunangoja zamu yetu, na siku utakapotuita, kwa majina yetu yote matatu, tutaitika.