Marehemu Taratibu na Waya Alioufupisha

Ndugu, jamaa na marafiki, familia inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja kumsindikiza ndugu yetu, ambaye wengi wenu hamkumjua kwa jina lingine ila Taratibu. Anayewasomea ni dada yake mkubwa, aliyembeba mgongoni kabla hajajua kutambaa. Anaomba msikilize mpaka mwisho, hata ninyi mliokaa nyuma na funguo mkononi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Aprili 1985 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, jengo la tatu, ghorofa ya juu kabisa, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba alikuwa fundi umeme wa zamu na mama alishona sare za kiwanda. Ngazi za jengo lile zilikuwa za saruji tupu, hazina hata bomba la kushikia, naye tangu apate miguu hakuwahi kuzishuka kama watu. Alizikimbia. Mama alisimama juu akiita, "Taratibu! Taratibu, baba!" mpaka watoto wa chini wakadhani ndivyo alivyoitwa. Siku ya kuandikishwa shule mwalimu alimwita kwa jina lake halisi mara mbili, wala hakugeuka.

Alisoma shule ya msingi ya kiwanda kuanzia mwaka 1992, kisha sekondari ya kutwa, akamaliza mwaka 2003. Hakuwa wa kwanza darasani, na wa mwisho pia hakuwa. Sifa yake ilikuwa mikono. Alichonga chaki kwa wembe akatoa viti vidogo, meza, na seti nzima ya meno aliyompelekea mwalimu wa sayansi, akachapwa kwa kuharibu chaki na kusifiwa siku hiyohiyo. Seti ile ilikaa kwenye kabati la maabara miaka mingi. Mwaka 2004 aliingia chuo cha afya kusomea ufundi wa meno bandia, akahitimu Novemba 2007.

Alifanya kazi kwenye kliniki moja tu maisha yake yote. Chumba chake kilikuwa nyuma, kina dirisha moja, meza ndefu iliyoungua pembeni, taa ya gesi, nta ya rangi ya waridi, na vumbi la plasta lililomfuata hadi nyumbani kwenye nyusi. Wazee waliotoka pale waliweza tena kung'ata na kucheka bila kuziba mdomo. Aliwafundisha wanafunzi wake jambo moja kuliko yote: kilichozidi hukatwa. "Kinywa hakina stoo," aliwaambia. Hakuvumilia kitu kinachoning'inia, kinachojikunja, wala kinachokaa bila kazi. Kwenye meno, tabia hiyo ilimpa heshima.

Hapo kliniki ndipo alipompata mkewe, mwalimu wa chekechea, aliyemleta mama yake kutengenezewa meno ya juu. Mama mkwe alirudishwa mara nne. Mara meno yalikuwa yanapiga mluzi, mara yanabana, mara fundi anataka kuyaangalia tu. Alipomaliza aliwakabidhi meno na akaomba namba ya simu ya binti. Miaka baadaye alikiri mbele ya familia kwamba meno yalikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Mama mkwe, ambaye yupo hapa leo na ameyavaa, alimjibu kwamba hata yeye alijua, ila alitaka kuona kijana atachoka lini. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2013, na mwaka 2016 wakajaliwa binti.

Sasa tufike kwenye pikipiki, maana hakuna wasifu wa mtu huyu bila pikipiki.

Aliinunua mwaka 2019, pikipiki ya mbio, nyeusi, iliyokwisha tumiwa na watu wawili. Mkewe alidhani itakaa uani. Ikaingia sebuleni. Sofa kubwa ilisogezwa, baadaye ikauzwa, na mahali pake pakatandikwa mkeka wa mpira. Wageni walikaa kwenye viti vya plastiki wakiitazama kama mgonjwa aliyelazwa katikati ya nyumba. Aliondoa vioo vya pembeni vilivyokuja nayo akaweka vidogo. Akabadili ekzosi, akabadili spoketi, akang'arisha vikanyagio kwa brashi ileile inayong'arisha meno ya watu. Jumapili alitoka na wenzake wanne wenye pikipiki za aina hiyo: mwokaji mikate, mwalimu wa hesabu, muuza miwani na mpima ardhi. Walijiita ndugu, na tusiseme uongo, walipendana. Mtoto alipolazwa kwa homa, hao wanne ndio waliolala kwenye benchi za hospitali.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 2023 alitoa usukani wa asili na kufunga mwingine, mfupi, uliokaa chini, wa kumlaza mpandaji juu ya tangi. Ulimpendeza. Lakini ule waya wa resi, unaotoka kwenye mkono wa kulia kwenda kuongeza mafuta kwenye injini, ulibaki mrefu, ukajikunja mbele kama utumbo. Yeye na kitu kilichozidi mnawajua. Akaukata, akaufunga upya, ukanyooka vizuri. Wenzake walipoona jinsi ulivyolala safi, kila mmoja akataka wa kwake. Kufikia mwezi wa sita alikuwa amewafungia wote wanne, kwa kipimo kilekile, bila malipo, kwa upendo.

Tangu hapo jioni zilikuwa na mlio mpya. Kuingia uani kwake lazima ukate kushoto sana, na kila alipokata, injini ilipandisha sauti yenyewe, kama mtu anayeitwa ghafla. Majirani walicheka. Binti alisema baba anasalimia, akakimbilia mlangoni. Mkewe, aliyekuwa amesimama dirishani na mwiko mkononi, hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wa mumewe, nao ulikuwa umetulia. Alimuuliza kwa nini pikipiki inalia na mkono hauchezi. Mumewe alimbusu kwenye paji la uso akasema inafurahi kufika nyumbani.

Mke alilichukua jibu hilo, ila halikumshuka. Wiki zile alijikuta akiacha anachofanya saa mumewe anapokaribia, akisubiri ule mlio upite ndipo apumue. Alimwambia wifi yake, huyu anayewasomea, kwamba pikipiki ile inasikia vitu ambavyo mwenyewe hajaiambia. Wifi mtu alimjibu amwonyeshe fundi. Akasema, "Wifi, fundi ndiye yeye."

Tarehe 24 Agosti, akirudi kutoka kazini, marehemu alianguka kwenye kona ya kushoto ya mteremko wa mlima, ile inayojikunja kama kiwiko. Mmesikia maneno mengi mitaani: kwamba alikuwa akishindana, kwamba alikuwa akienda kama risasi. Familia inaomba yaishe leo. Mchonga funguo mwenye kibanda pale alimwona akija polepole, miguu karibu iguse lami, kwa sababu kulikuwa na lori limeegeshwa. Akakata kushoto kulikwepa. Pikipiki ikaruka mbele yenyewe, ikampeleka kulekule alikokuwa akikukimbia. Mtu aliyeitwa Taratibu maisha yake yote kwa utani aliumia siku aliyokwenda taratibu kweli.

Alivunjika mbavu na nyonga, akaumia ndani ambako mikono ya madaktari ilifika lakini haikutosha. Tunawashukuru wote waliomhudumia. Siku za mwanzo aliweza kuongea, na hakuongea mengi. Alimshika mkewe mkono akamwambia, "Uliniuliza, nikakufanyia mzaha. Waya nimeukata mfupi mno. Ukikata kushoto unavutwa, na injini inakwenda. Na wale wanne nimewakatia hivyohivyo. Waambie wasipande." Alilirudia hilo neno la mwisho mpaka muuguzi akamwomba apumzike.

Mkewe aliwaambia siku hiyohiyo, koridoni, wakiwa wameshika kofia zao ngumu. Mwokaji mikate, mwenye moyo mzuri kuliko wote, alimwekea mkono begani. "Shemeji, mgonjwa husema mengi," alisema. "Ajali haina kinga."

"Hii inayo," akajibu. "Ni waya. Kaukagueni."

Wakatikisa vichwa vile wanaume wanavyotikisa wanapomhurumia mwanamke aliyechoka.

Marehemu alifariki tarehe 2 Septemba alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, mkewe pembeni yake. Siku mbili baadaye mkewe, badala ya kukaa na waombolezaji, alitoka na kwenda duka la miwani, akaenda shuleni, akaenda kwenye tanuri la mikate. Kwa mpima ardhi, anayekaa ng'ambo ya mlima, alipiga simu. Safari hii walimsikiliza. Mwalimu wa hesabu aliuona ukweli, aliegemeza pikipiki yake ukutani ikiwa imewashwa, akaugeuza usukani kushoto, akaisikia ikilia. Lakini wakakubaliana kwamba hawatagusa kazi ya mwenzao kabla hajazikwa. Watampeleka kaburini juu ya pikipiki hizo, kama alivyozifunga, wakitangulia mbele ya jeneza, kisha Jumatatu ndipo watabadilisha. Waliliita jambo hilo heshima. Mjane aliwaomba, akawakemea, akalia, nao wakalia pamoja naye, na hawakubadili neno. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Dada wa marehemu ameitamka methali hiyo juu ya mmoja, na hataki kuitamka tena.

Njia ya makaburini, kama mnavyojua, inashuka mlima kwa kona ileile.

Leo asubuhi waliingia uani watatu, mmoja mmoja. Mara tatu walikata kushoto, na mara tatu tulisikia. Mtoto aliyekuwa akivalishwa viatu alichomoka na kiatu kimoja, akakimbilia dirishani. Mama yake alimshika begani akamwambia ni wageni. Alipomrudisha kwenye kiti alimwachia wifi yake kamba za kiatu cha pili. Kisha akamwita kaka yake, ambaye ni fundi bomba, wakaongea uani kwa muda mfupi.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mama mzazi, dada wawili, mama mkwe, shemeji, na wapwa watano. Ameacha wazee wengi wenye tabasamu zuri. Ameacha pia marafiki wanne aliowapenda, ambao neno lake la mwisho lilikuwa juu yao.

Yafuatayo hayamo kwenye ratiba mlizoshika. Wasifu huu umerefushwa makusudi, na mjane ndiye aliyeomba urefushwe. Mlipokuwa mkisikiliza habari za meno ya mama mkwe, shemeji wa marehemu alikuwa nje na koleo. Pikipiki tatu zilizo uani hazina tena waya wa resi. Msimlaumu, na mkitaka kumlaumu mtu, dada wa marehemu yuko hapa mbele, mguseni yeye kwanza. Mwokaji, mwalimu, muuza miwani, tafadhali kaeni. Kofia zenu ziacheni chini ya viti. Mtatembea nyuma ya jeneza pamoja nasi, kwa miguu, na mtambeba zamu ya kwanza. Mjane anasema hiyo ndiyo heshima anayoitaka kwenu.

Amebaki mpima ardhi. Aliaga kwake tangu asubuhi, ili atukute hapa, na kutoka kwake hakuna njia nyingine ila ya mlima. Mjane hayupo kwenye kiti chake, mmeshaona. Yuko chumba cha ndani na simu, nayo inaita bila kupokelewa.

Ndugu yetu apumzike kwa amani. Mwenye namba nyingine ya mpima ardhi, asisubiri tumalize, ainuke sasa hivi ampigie.